Vikopo Vitano, Mzigo Mmoja

Kabla ya kuajiriwa na shirika, alikuwa akiuza mafuta ya ngozi mlango kwa mlango, kazi inayomfundisha mtu kutabasamu huku akifungiwa mlango usoni. Ujuzi huo ulimfaa sana. Shirika lenyewe lilishughulika na saratani: lilikuwa na maabara ndogo ya utafiti nyuma ya hospitali kubwa, lilichapisha mabango, na lilituma watu mitaani kuwaambia wenzao mambo ambayo wenzao hawakutaka kuyasikia. Wafanyakazi wengine walipangiwa saratani ya matiti, ya mapafu, ya ngozi, viungo ambavyo mtu anaweza kuvitaja hata mezani. Yeye akapewa utumbo mpana.

Kazi yake ilikuwa kuwatafuta waliovuka miaka hamsini, hasa wanaume, maana wanaume hawaji wenyewe hata ukiwaita kwa ngoma. Aliwaeleza kwamba saratani hiyo huanza kimyakimya, kwa damu kidogo isiyoonekana kwa macho, kisha akawapa kikopo cha plastiki chenye kijiko kidogo kwenye kifuniko. Mtu akakitumie nyumbani, akirudishe kesho yake asubuhi. Maabara ingepima damu, na kilichobaki kingetumika kwenye utafiti wa vijidudu vya tumboni. Muda si muda mji mzima ukawa unamwita Dada Vikopo. Mumewe alijaribu kukasirika kwa niaba yake, akashindwa, kwa sababu siku moja na yeye alimwita hivyo mbele ya wageni.

Aliyekereka kwelikweli ni mjomba wake.

Mjomba, kaka wa mama yake, alikuwa msimamizi wa karakana ya samani. Alivaa shati lililopigwa pasi hata chini ya aproni, penseli sikioni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kubishana na msumeno wa umeme. Ndiye aliyemlea mpwa wake huyu na kumsomesha baada ya baba mtu kufariki. Tangu ajitambue hakuwahi kutaja choo mbele za watu. Akibanwa alisema anakwenda kuangalia mbao kule nyuma, na karakana nzima ilijua ni mbao gani hizo. Sasa unaweza kufikiria hali yake aliposikia kwamba yule binti aliyemlipia ada anazunguka mjini akiomba watu mavi.

"Watu wananiuliza mpwa wangu anafanya kazi gani siku hizi," alimwambia. "Niwajibu nini?"

"Waambie niko kwenye utafiti."

"Utafiti wa nini?"

"Mjomba, si unajua."

"Ndiyo maana siwaambii."

Kwa heshima yake, Dada Vikopo alianza na gereji, akaenda kwa washonaji viatu, akaenda hadi kiwanda cha matofali. Lakini karakana ya mjomba ilikuwa na wanaume watano waliovuka hamsini, na mkurugenzi wa shirika alikuwa na ramani ukutani. Hazikupita wiki nyingi kabla kidole cha mkurugenzi hakijatua hapo.

Alikwenda wakati wa mapumziko ya mchana. Mafundi walikuwa wamekaa juu ya vitanda visivyo na magodoro, vumbi la mbao limewatia mvi kabla ya wakati. Mjomba, alipomwona na mkoba wake, alishika msasa akaanza kusugua mguu wa meza uliokuwa umeshasuguliwa. Dada Vikopo alieleza yote kama alivyofundishwa, kwa lugha ya adabu, akamalizia kwa kusema anaomba kila mmoja ampatie sampuli ya choo.

Fundi wa viti, ambaye kila mtu alimwita Sofa, akanyoosha mkono. "Choo chetu kipo kule nyuma, dada. Kizima tu. Ila bomba linavuja."

"Simaanishi choo hicho."

"Kuna kingine?"

"Choo chako wewe."

"Kwangu natumia cha jirani. Itabidi umwombe mwenyewe."

Dada Vikopo akavuta pumzi. "Namaanisha kile unachokiacha humo ndani ukitoka."

Mlinzi alitazama kikopo, akatazama mfuko wake wa chakula, akaufunga. Dereva wa karakana akauliza kwa upole ni kitu gani wanakwenda kukifanya nacho huko maabara, na alipoelezwa akasema alikuwa akidhani kazi yake yeye ndiyo mbaya. Kwenye kona alikuwepo mpiga vanishi, mtu mpole, mjane, wanawe wote wako mbali. Walimwita Kobe kwa ule mwendo wake wa taratibu. Yeye hakucheka. Alipokea kikopo kwa mikono miwili na kusema ahsante, kana kwamba amepewa zawadi.

Zawadi ya kweli ilikuwa mwavuli. Mvua zilikuwa zimeanza, na mkurugenzi alikuwa ametoa wazo kwamba kila atakayerudisha kikopo apewe mwavuli mkubwa wenye nembo ya shirika. Mwavuli ulifanya kazi ambayo hotuba haikuifanya. Kesho yake asubuhi vikopo vyote vitano vilikuwa tayari. Cha Mjomba kilikuwa kimefungwa kwenye gazeti, gazeti limetiwa kwenye mfuko, mfuko umezungushiwa utepe wa gundi. Alimkabidhi huku akitazama dari.

"Usiseme neno," alimwambia.

Hakusema. Ila njiani kuelekea maabara machozi yalimlengalenga. Alijua mjomba wake amelipia kikopo kile kwa heshima yake yote.

Baada ya siku chache mtafiti wa maabara alimwita. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye miwani, mtu wa kuzungumza na darubini zaidi kuliko na binadamu.

"Wale wa karakana," alisema. "Wote watano wana damu."

Dada Vikopo alitafuta pa kukaa.

"Ngoja kwanza. Wana damu kiasi kile kile. Na vijidudu vyao ni vile vile, kwa hesabu ile ile. Hata mapacha hawafanani hivi. Hawa watu watano walikula mahindi yale yale, siku ile ile, na wakayatafuna kwa meno yale yale."

Alielewa mara moja, akaona aibu, kisha kicheko kikamjia, kisha vyote viwili vikakatika alipokumbuka ile damu. Mmoja kati ya watano alikuwa anavuja, na haijulikani ni nani.

Alirudi karakana siku hiyo hiyo. Aliwaambia wazi: vikopo vyenu vilitoka kwa mtu mmoja, na mtu huyo anahitaji kupimwa kwa kamera. Kamera ni mpira mwembamba wenye taa, na alieleza unapoingilia. Sofa, aliyekuwa amekaa, alisimama.

"Wanne wakisema kweli, wanne wamesalimika," alisema Dada Vikopo. "Atabaki mwenye mzigo peke yake, na huyo tutamsaidia, bila kulipa chochote."

Mjomba akaitoa penseli sikioni.

"Unatuita sisi waongo?"

"Sijasema hivyo, Mjomba."

"Kile kikopo ni changu."

"Na changu ni changu," akasema Sofa.

Dereva naye akadai chake, mlinzi akadai chake. Kobe alisema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye, kile chake ni chake. Dada Vikopo aliwapendekezea wapime upya, halafu akajikumbusha mwenyewe alichofundishwa: damu hiyo huja leo ikapotea kesho, na kipimo cha pili kikitoka safi hakifuti cha kwanza. Akaondoka akiwa amechukia. Alijiambia kwamba mtu anaweza kufa kwa ajili ya mwavuli.

Jumamosi Mjomba alimjia nyumbani. Alikataa chai, jambo lililomtisha mpwa wake kuliko chochote. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akageuza kofia mikononi.

"Ni cha Kobe," alisema.

"Nilidhani hivyo."

"Mimi nilijaribu. Nilikaa kule nyuma asubuhi nzima, mwanangu. Mtu huwezi kwenda kwa amri. Na hata kama ningeweza, ningekupa wewe? Wewe niliyekuwa nakusuka nywele mama yako akiumwa? Ukibebe barabarani?" Akaigeuza kofia tena. "Wale wengine ni uvivu tu. Kobe ndiye aliyefanikiwa. Akasema kimebaki kingi, msihangaike. Unajua moyo wake ulivyo."

"Basi semeni. Tumpeleke yeye."

"Hataenda. Nimemwomba. Anaogopa kamera, anaogopa hospitali, mkewe aliingia humo hakutoka. Anasema kama ni kwenda, twende wote. Tukikiri leo, tumemwacha peke yake na huo mpira wenu." Akavaa kofia. "Kwa hiyo sisi hatukiri, tunakwenda wote watano. Mimi nimekwambia wewe kama mpwa. Shirika hujaliambia kitu."

Hilo lilimweka Dada Vikopo pabaya. Nafasi za kamera zilikuwa chache na zililipiwa na fedha za wafadhili. Jumatatu alikwenda kwa daktari wa kamera, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, akamweleza kila kitu bila kuficha. Daktari alimsikiliza hadi mwisho.

"Hawa wanaume wana zaidi ya miaka hamsini?"

"Wote."

"Na wamekubali kuja? Kwa miguu yao wenyewe?"

"Kwa ajili ya rafiki yao."

"Dada, miaka yote hii nawangoja wanaume wa namna hiyo. Mtafiti awafute kwenye utafiti wake, sawa. Lakini wewe walete haraka kabla hawajapata akili."

Kabla ya kamera ni lazima utumbo uoshwe, na utumbo huoshwa kwa dawa ya unga inayochanganywa na maji mengi, yenye ladha ya limau lililokosewa. Kwa kuwa Kobe aliishi chumba cha kupanga chenye choo cha nyumba nzima, walikubaliana wakanywe wote karakana, Jumapili, mashine zimezimwa. Karakana ilikuwa na vyoo viwili. Wao walikuwa watano. Mjomba, kama msimamizi, alitangaza zamu, akieleza kwa utulivu kwamba kila mtu atakwenda kuangalia mbao kwa utaratibu. Sofa alikuwa amejiandaa tangu Ijumaa: viti vyote viwili vya choo alivivalisha sponji na ngozi ya bandia nyekundu, akavipiga vifungo vya shaba pembeni, mpaka mlinzi akasema anaona haya kuvichafua.

Utaratibu ulidumu mpaka dawa ilipowafika. Baada ya hapo hapakuwa na msimamizi wala mlinzi. Dereva, mtu ambaye hakuwahi kumpita mwenzake barabarani bila ishara, alimpita Mjomba mlangoni bila hata kugeuka. Sofa alilia kutoka ndani kwamba ametengeneza kiti cha raha mno, hawezi kunyanyuka. Mlinzi aliyekuwa nje alimjibu kwamba atamnyanyua yeye, na asipotoka sasa hivi atajuta kuzaliwa. Kobe, safari ile moja katika maisha yake, alionekana akikimbia. Walipochoka kabisa walilala chali juu ya vitanda visivyouzwa, wamekonda nyuso, na hapo ndipo Kobe aliposema, akitazama mabati ya juu:

"Nawashukuru, ndugu zangu."

"Nyamaza," alisema Mjomba. "Ni wewe uliyetuletea haya."

Wakacheka mpaka wawili wakalazimika kukimbia tena.

Hospitalini walivishwa nguo zile za wagonjwa ambazo fundi wake alisahau kushona upande wa nyuma. Wakakaa kwenye benchi, watano, migongo imebanwa ukutani, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama. Dada Vikopo na mke wa mjomba walikaa benchi la mbele yao, wakijitahidi kutazama dirishani. Kobe aliitwa kwanza. Mjomba alimsindikiza mpaka mlangoni, mkono mmoja begani kwa Kobe, wa pili ukiishika nguo yake mwenyewe nyuma.

Kobe alipotoka, bado ulimi mzito kwa dawa ya usingizi, daktari alikuwa akitabasamu. Ni bawasiri. Bawasiri tu, za zamani, zinatibika. Ndizo zilizokuwa zikivuja. Utumbo wake, alisema daktari, ni msafi kama wa mtoto.

Mjomba alifumba macho kwa muda. Kisha akayafumbua, akasimama, akaanza kutafuta suruali yake.

"Unakwenda wapi?" aliuliza daktari.

"Nyumbani. Mgonjwa amepona."

"Wewe ndiye unayefuata."

"Mimi sina kitu, daktari. Nimekuja kumsindikiza mtu."

"Kikopo chako si kilikuwa na damu?"

Mjomba alimtazama mpwa wake, mpwa akatazama dirishani. Mkewe ndiye aliyejibu. "Baba, umekunywa lile dubwana, umeshinda chooni siku nzima, umevaa gauni. Sasa umebakisha kulala tu. Lala."

Akaingia.

Alichelewa kutoka kuliko Kobe. Daktari alipokuja safari hii hakuwa akitabasamu, na aliwaita mke na mpwa ndani. Kulikuwa na uvimbe, upande wa kushoto, mkubwa kama tunda la mzabibu. Alichukua kipande kikapimwe, lakini alishaona mengi ya namna hiyo na hakutaka kuwadanganya. Majibu yalipokuja yalisema kile alichosema yeye. Ilikuwa saratani, na ilikuwa bado changa.

Mjomba aliyapokea akiwa ameketi wima, shati limepigwa pasi.

"Iliingiaje?"

"Haikuingia. Imeota humo humo."

"Na mimi sikusikia kitu."

"Ungesikia baada ya mwaka au miwili. Hapo tungekuwa tunaongea mengine."

Walitoka nje, wakakaa kwenye ngazi za hospitali, yeye na mpwa wake. Alikaa muda mrefu akiangalia viganja vyake vilivyojaa makovu ya patasi. Dada Vikopo alitaka kumwambia maneno yote aliyokuwa akiwaambia watu mitaani, kwamba ikigunduliwa mapema, kwamba wengi hupona, na hakuna hata moja lililotoka. Alikuwa ameyasema mara nyingi mno kwa watu ambao hawakumsuka nywele. Akamshika mkono tu.

"Kobe ndiye mwenye damu," alisema Mjomba hatimaye, "mimi ndiye mwenye ugonjwa. Nimeokolewa na mavi ya mtu."

Lilikuwa neno ambalo mpwa wake hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Alianza kucheka huku analia, na Mjomba akamwacha.

Wale watatu waliobaki walikutwa salama; yeye walimpasua baada ya wiki mbili. Walikata kipande cha utumbo wenye uvimbe, wakaunganisha ncha zilizobaki, kazi ambayo Mjomba, alipoelezwa, aliikubali kama fundi: aliuliza kiungio ni cha aina gani. Daktari alisema kila kitu kimekwenda vizuri. Kilichobaki ni utumbo kuamka, na dalili ya kuamka kwake ni moja tu.

"Umetoa hewa?" aliuliza daktari kila asubuhi.

"Si napumua."

"Hewa ya chini, mzee."

Mjomba aligeukia ukuta. Mkewe alithibitisha kwa daktari kwamba katika ndoa yao yote hajawahi kuisikia, na kwamba alikuwa ameanza kuamini mumewe hakuumbiwa. Mpaka itoke, asingepewa zaidi ya vijiko vya maji. Karakana yote ilikuja kumtazama, na badala ya kumuuliza hali walimuuliza hilo. Sofa alijitolea kumfundisha.

Siku ya nne alikuja mkurugenzi wa shirika mwenyewe, mama wa makamo mwenye miwani ya dhahabu, amebeba maua na kufuatana na mpiga picha. Alisimama miguuni pa kitanda akaanza kuzungumza. Alisema jamii inahitaji watu kama huyu mzee. Alisema kukubali kupimwa kwa hiari, bila kushinikizwa na mtu, ni ujasiri wa hali ya juu, na hapo Dada Vikopo akaanza kuyapanga maua upya. Mkurugenzi alikuwa kwenye neno ujasiri kwa mara ya pili pale sauti ilipotoka chini ya shuka. Ilianza kwa mbali, ikapanda, ikakaa, kama mlango wa kabati lisilotiwa mafuta unaofunguliwa na mtu asiye na haraka.

Mpiga picha alishusha kamera. Mjomba alifumba macho.

"Nesi," aliita mkewe kwa sauti ya furaha, "njoo. Ametoa."

Nesi alikuja mbio na karatasi yake. "Mkubwa au mdogo?"

Mke wa mjomba alikuwa anapangusa machozi, mpwa amegeukia dirisha mabega yakimtikisika. Nesi akamtazama mtu pekee aliyebaki na uso wa kujibu.

"Wa kutosha," alisema mkurugenzi.

Jioni hiyo alipewa supu, akainywa yote na kuomba nyingine. Alirudi nyumbani amepungua kilo nyingi, na kwa miezi kadhaa hakuruhusiwa kunyanyua ubao wowote, basi akawa ananyanyua sauti. Hakuhitaji dawa nyingine zaidi ya kurudi kwenye kamera kila wakati uliopangwa, na kila mara Kobe humsindikiza mpaka mlangoni. Shirika lilimwomba awe anatoa ushuhuda kwenye mikutano yake. Alikataa katakata, akasema yeye ni mtu wa heshima zake. Ila mteja mwenye mvi akija karakana kupimiwa kitanda, Mjomba huchukua vipimo vyote, urefu, upana, kimo, huviandika kwenye ubao kwa penseli, kisha humuuliza kwa sauti ya chini ana umri gani.